Safu Iliyobomoka: Kisa cha Kurudisha Miti Mikongwe katika Mtaa wa Zamani wa Jinja

Mtaa unaochambuliwa hapa uko katika sehemu ya zamani ya makazi ya Jinja, nchini Uganda, kati ya mji wenyewe na ufuko wa Ziwa Victoria. Sitautaja jina, kwa sababu baadhi ya mambo yake bado yako mezani kwa baraza la jiji, na wahusika wanaendelea kuishi kama majirani. Ni mtaa mnyoofu, wenye nyumba zisizo na ghorofa, baraza pana, mapaa ya vigae na viwanja vikubwa. Nyingi kati ya hizo zilijengwa na familia za Kihindi katika miaka iliyotangulia na iliyofuata kufunguliwa kwa bwawa la umeme la Owen Falls mwaka 1954, wakati Jinja ilipokuwa ikikua haraka kuwa mji wa viwanda. Kila upande wa barabara ulikuwa na safu ya miti: jakaranda kwa wingi, mikangazi hapa na pale, na mivule michache ambayo inaelekea ilikuwapo kabla ya mtaa kupimwa, kwa kuwa Busoga, eneo ilipo Jinja, ilikuwa nchi ya mivule tangu zamani. Matawi ya safu hizo mbili yalikutana juu ya barabara, na mtu aliweza kutembea mchana wa Februari kutoka mwisho mmoja hadi mwingine bila kupigwa na jua.

Zaidi ya nusu ya miti hiyo haipo tena. Kamati ya wakazi ilinialika niikague iliyobaki, nieleze kwa nini miche waliyoipanda badala ya ile iliyopotea ilikufa karibu yote, na niwasaidie kuamua wapande nini. Swali hilo la mwisho ndilo lililokuwa limewagawa, nami niliona mapema kwamba lilikuwa swali la tatu kwa umuhimu.

Miti isiyo na mwenyewe

Huwezi kuelewa kilichoipata safu hiyo bila kurudi kwenye historia ya nyumba zenyewe. Agosti 1972 serikali ya Idi Amin iliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Nyumba zao zikawekwa chini ya bodi ya kusimamia mali zilizoachwa, na wakaingia wapangaji wa kila aina: wanajeshi, watumishi wa serikali, mafundi wa viwandani, watu wa reli. Sheria ya mwaka 1982 ilifungua njia ya kuzirudisha mali hizo kwa wenyewe, lakini nyingi zilirudishwa katika miaka ya 1990, na baadhi ya waliorudishiwa hawakurudi kuishi. Waliweka mawakala wa kukusanya kodi. Katika kipindi chote hicho mpangaji alijua kwamba anaishi kwa muda, naye wakala alijua kwamba kazi yake inaishia kwenye lango. Ukanda wa nje ya lango, kati ya ua na mtaro, ulikuwa wa manispaa, nayo manispaa ilikuwa na barabara zenye mashimo na mabomba yaliyopasuka ya kushughulikia kabla ya kufikia miti.

Matokeo yake ni kwamba kwa muda wa vizazi viwili hakuna aliyepanda mti hata mmoja kwenye safu ile. Hili ndilo jambo ninaloliona kuwa chanzo cha yote yaliyofuata, ingawa wakazi walipenda zaidi kuzungumzia misumeno. Jakaranda za mtaa zilipandwa kwa wakati mmoja, zikawa na umri mmoja, na miti iliyopandwa pamoja huchoka pamoja. Safu ambayo kila baada ya miaka kadhaa ingeongezewa miche michache katika mapengo isingeanguka yote ndani ya muongo mmoja, hata kama hakuna ambaye angeipogoa wala kuimwagilia.

Uzee peke yake, hata hivyo, haukuiangusha miti mingi. Nyaya za umeme zilipitishwa juu ya safu moja, na kwa miaka mingi vibarua walikuja na mapanga na misumeno kuikata miti vichwa kwa usawa mmoja. Mti uliokatwa kichwa haupungui kimo kwa muda mrefu. Huchipua kwa haraka machipukizi mengi yaliyoshikwa na tabaka la nje tu la mti, huku kidonda kikubwa kilichoachwa juu kikishindwa kufunga na kuanza kuoza kuelekea chini. Machipukizi yanapokuwa mazito, hubanduka wakati wa dhoruba, watu husema mti umeoza, na mti hukatwa. Katika visiki viwili nilivyovichunguza upande huo, uozo ulikuwa umeteremka kutoka juu, na sehemu ya chini ya shina ilikuwa bado ngumu, na kwa mtu anayejua kusoma kisiki hilo linamaanisha kwamba mti uliuawa na tiba yake.

Upande wa pili hakukuwa na nyaya, bali ulichimbwa mtaro wa bomba. Mtaro huo ulipita katikati ya ukanda wa miti, umbali usiofika mita moja kutoka kwenye mashina. Mizizi mingi ya mti mkubwa haiko chini sana kama watu wanavyodhani. Sehemu kubwa yake imo katika sentimita 60 za juu za udongo, nayo hutambaa mbali kupita ncha za matawi. Mtaro ulifukiwa, majani yakaendelea kuwa mabichi, na hakuna aliyejali. Kisha, katika dhoruba ya usiku, jakaranda moja ilianguka kuelekea nyumbani kwa watu, ikavunja ukuta wa ua na kona ya banda la gari. Nilipoonyeshwa kitako cha mti huo, kilikuwa bado kimelala pembeni: mizizi ya upande wa nyumba ilikuwa imechanika, nyuzi zake zikionekana nyeupe, ya upande wa barabara ilikuwa imekatika wima, kwa mstari mmoja ulionyooka, na ncha zake zilikuwa nyeusi na laini kiasi cha kuingia kucha. Mti ulikuwa umesimama kwa miaka kadhaa ukiwa umeshikwa upande mmoja.

Baada ya hapo woga ulifanya kazi ambayo upepo haukuifanya. Wakazi wawili walioliona jambo hilo waliomba miti ya mbele ya nyumba zao iondolewe, na mara ilipoanza kuondolewa kwa idhini, mingine ikaondolewa bila idhini. Hapa sina budi kusema jambo ambalo kwenye mkutano lilisemwa kwa mafumbo tu: jakaranda iliyoanguka huishia kuwa kuni na mkaa, lakini mkangazi na mvule ni mbao za thamani kubwa, na mti wa aina hiyo ukitajwa kuwa hatari, inafaa kuuliza ni nani anayeutaja. Mikangazi miwili iliyokatwa katika kipindi hicho iliacha visiki ambavyo ni vizima mpaka kwenye kiini.

Sherehe ya Juni

Upandaji wa kwanza ulifanyika kwa nia njema na kwa shangwe. Ulipangwa kuangukia Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni. Walikuja wageni, diwani alihutubia, fulana ziligawiwa, na kila mtoto wa mtaa alishika mche. Kwa bahati mbaya tarehe hiyo, ambayo inaadhimishwa kila mahali, katika kusini mwa Uganda huangukia wakati mvua za Machi hadi Mei zinapoishia na miezi mikavu inapoanza. Mche uliopandwa siku hiyo unaingia ardhini wakati ardhi inapoanza kukauka, na watu walioupanda wamekwisha kwenda na fulana zao. Mtu anayetaka kupanda mti Jinja apande Machi, mvua zikishika, au Septemba. Picha zinaweza kupigwa mwezi wowote.

Ukame hata hivyo ulikuwa sehemu ya sababu tu. Tulichimbua miche iliyokufa ili kuona chini kulikuwa na nini, na mmoja wao uliwaeleza wakazi mengi kuliko maelezo yangu. Ulikuwa umetoka na donge lote, na mfuko wa plastiki wa kitaluni, ile kavera nyeusi, ulikuwa bado umelivaa donge hilo nusu yake. Ndani, mzizi mkuu ulikuwa umefika kwenye kitako cha mfuko, ukapinda, ukazunguka mara kadhaa kama kamba iliyokunjwa, na hakuna mzizi hata mmoja uliokuwa umetoka nje ya umbo la mfuko. Chini ya shimo, baada ya koleo moja ya udongo mweusi, kulikuwa na vipande vya matofali, zege na maramu iliyoshindiliwa, mabaki ya ujenzi wa ukuta na ya ukarabati wa barabara. Nilimwomba kijana mmoja ajaribu kuendelea kuchimba kwa jembe; jembe liliruka. Hata kama mvua ingenyesha kila siku, mche ule haukuwa na mahali pa kwenda.

Kwa maneno mengine, mtaa ulikuwa umepoteza vitu viwili, na wakazi walikuwa wamegundua kimoja tu. Miti ilionekana kwa sababu ilikuwa mikubwa. Udongo uliotoweka chini yake, kwa kushindiliwa na magari, kwa kufukiwa kifusi, na mwishoni kwa kufunikwa na matofali ya zege ya maegesho, haukulalamikiwa na yeyote.

Jakaranda au mvule

Mkutano wa kuchagua aina ya miti ulifanyika uwanjani kwa mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa, na uliendeshwa kwa Kiswahili kwa sababu mtaa una Wasoga, Wanubi, Waluo, Waganda, Wahindi na watu wa kaskazini, na ndiyo lugha ambayo hakuna anayeitumia kumshinda mwenzake. Upande mmoja ulitaka jakaranda zirudi, zote, kwa nafasi zilezile. Upande mwingine ulitaka miti ya kienyeji peke yake. Hajati mmoja mwenye umri mkubwa, aliyeishi mtaani tangu miaka ya 1970, alisema, “Wanangu, mkinipandia mti nisioujua mbele ya mlango, mtakuwa mmenihamisha bila kunipakia gari.” Mwalimu mstaafu akamjibu kwa adabu, “Hajati, kwa heshima yako, jakaranda si mti wa kwetu. Uliletwa na wakoloni kama walivyoleta reli.” Hajati hakukawia: “Na reli, Mwalimu, si uliipanda?”

Kicheko kilichofuata kilisaidia, lakini hakikumaliza hoja, kwa sababu kila upande ulikuwa na sehemu ya ukweli. Jakaranda asili yake ni Amerika ya Kusini, na Afrika Kusini imeiweka katika orodha ya mimea vamizi. Vilevile ni kweli kwamba katika mtaa huu imekaa kwa zaidi ya vizazi viwili, na kwamba maua yake ya zambarau ndiyo yanayoonekana katika picha za arusi za nusu ya familia zilizokuwapo uwanjani. Anayesema kwamba mti wa kigeni hauwezi kuwa urithi itabidi aeleze pia afanyeje na nyumba zenyewe.

Wa kienyeji nao si jibu la moja kwa moja, na hapa ndipo nilipolazimika kuwavunja moyo wapenzi wa mvule. Mvule mchanga hushambuliwa na mdudu mdogo aitwaye Phytolyma, ambaye hutaga mayai kwenye machipukizi. Chipukizi huvimba vinundu, hupasuka, huoza, na mche hubaki kijiti kisichopanda juu. Ndiyo sababu mashamba ya mvule peke yake yamewashinda watu wa misitu kwa miaka mingi, wakati mvule unaojiotea katikati ya mimea mingine huweza kupenya. Mkangazi una adui wake, nondo wa Hypsipyla, ambaye kiwavi wake hutoboa ncha ya mche na kuufanya utoe matawi mengi chini badala ya shina moja lililonyooka. Barabarani mti wa namna hiyo utakatwa mapema kwa kuzuia magari. Mivule na mikangazi inaweza kupandwa mtaani, lakini kwa uchache, ikichanganywa na miti mingine inayoipa kivuli cha pembeni, na mtu akiwa tayari kuipogoa utotoni.

Mapendekezo mengine yalipita haraka. Mkaratusi ulikataliwa kabla mtu hajamaliza kuutaja. Musizi ulisifiwa kwa kukua upesi, na ni mti wa Uganda kweli, ingawa wasomaji wa Tanzania watakumbuka jinsi ulivyopandwa Amani, katika Usambara Mashariki, ukageuka mvamizi wa msitu wa asili. Barabarani matawi yake hudondoka mno. Muuza miche mmoja alileta mti wa maua ya njano, mzuri kwa macho, ambao ulikuwa Senna spectabilis. Mti huo umevamia misitu ya magharibi mwa nchi, Budongo ukiwa mmojawapo, nami niliomba urudishwe kitaluni na, kama ingewezekana, usiuzwe kwa mwingine. Kifabakazi, wenye maua mekundu, ni mwenyeji na ni fahari ya macho, lakini mbao yake ni laini na matawi yake huvunjika. Unafaa bustanini na haufai juu ya gari la mtu. Iliyobaki na kukubaliwa ni lusambya, mwembamba na wenye maua ya njano, kwa upande wenye nyaya. Na mugavu, wenye mwavuli mpana, kwa upande wa pili, kwa sharti kwamba shina lake lizungushiwe kinga, maana ganda lake ni dawa na huchunwa usiku.

Maoni niliyoyatoa kwenye mkutano, ambayo hayakumpendeza kila mtu, ni kwamba kilichoufanya mtaa kuwa wa kihistoria ni mpango wa safu: ukanda wa udongo ulioachwa wazi tangu barabara ilipopimwa, nafasi kati ya mti na mti, na uamuzi kwamba kivuli kikutane juu ya barabara. Mpango huo ukilindwa, aina za miti zinaweza kubadilika kidogo bila mtaa kupoteza sura yake. Usipolindwa, jakaranda mia moja hazitaurudisha. Mtaalamu wa Marekani, Frank Santamour, alipendekeza mwaka 1990 kwamba katika mji aina moja ya mti isizidi asilimia 10 ya miti yote, jenasi moja isizidi asilimia 20, na familia moja asilimia 30, ili ugonjwa mmoja usiweze kuufyeka mji mzima. Kipimo hicho ni cha mji na kwa mtaa mmoja kinabana kupita kiasi. Safu inahitaji kufanana ili ionekane kuwa safu. Nilikitumia kama mwelekeo tu. Makubaliano yakawa kwamba jakaranda ibaki karibu theluthi, ipandwe kwenye njia panda na mbele ya nyumba za wale walioitaka kwa moyo, Hajati akiwa wa kwanza, na nafasi nyingine zigawiwe lusambya, mugavu na mikangazi michache.

Udongo kwanza

Kazi yenyewe ilianza kwa kuondoa kifusi, na ndiyo iliyokula sehemu kubwa ya fedha zilizochangwa. Badala ya kuchimba shimo moja kwa kila mche, tulipendekeza handaki refu lisilokatika, lifuate ukanda wote pale ambapo bomba linaruhusu, ili mizizi ya mti mmoja iweze kufikia udongo wa jirani yake. Maramu ilivunjwa kwa sururu, kifusi kikabebwa, udongo wa juu ukarudishwa ukiwa umechanganywa na samadi iliyooza vizuri. Makapi ya miwa hupatikana kwa wingi upande huu wa nchi kwa sababu ya viwanda vya sukari. Yalitumika juu ya udongo kama matandazo, si ndani yake, kwa kuwa makapi mabichi yakichanganywa na udongo huunyima mche naitrojeni. Yaliachwa mbali na shina kwa upana wa kiganja, kwa sababu ya mchwa.

Miche iliyochaguliwa ilikuwa midogo. Wakazi waliotaka kununua miti iliyokwisha kukua kimo cha mtu walisikitika, lakini mche mdogo wenye mizizi mizima hushika ardhi mapema na mara nyingi humpita kaka yake mkubwa aliyepoteza mizizi wakati wa kuhamishwa. Kila kavera iliondolewa yote, mizizi iliyozunguka ikakatwa kwa kisu pande tatu, na shimo likawa pana mara mbili au tatu ya donge lakini lisizidi kina chake, hivi kwamba mahali shina linapoanza kutanuka kuwa mizizi pabaki juu ya udongo. Fito za kuegemezea zilifungwa chini, kwa mpira wa tairi la baiskeli, na tarehe ya kuzifungua ikaandikwa, kwa sababu mti uliofungwa miaka mitatu haujifunzi kusimama.

Tuligawa upandaji katika awamu tatu zitakazotenganishwa na miaka kadhaa. Hili lilikuwa gumu kukubalika kuliko yote, kwa sababu mwenye pengo mbele ya nyumba yake anataka lizibwe leo. Nilishikilia msimamo kwa sababu iliyotajwa mwanzoni: safu iliyopandwa siku moja itaanguka muongo mmoja, na wajukuu wa kamati hii watakaa tena uwanjani kwa mwenyekiti kujadili yaleyale.

Umwagiliaji ulipangwa kwa nyumba. Kila mche uliandikwa katika daftari la mwenyekiti pamoja na namba ya nyumba inayoulea, awe mwenye nyumba au mpangaji, na mpangaji anapohama daftari hurithiwa na anayeingia. Njia iliyofaa ni ya jerikeni la zamani la lita 20 lililotobolewa tundu dogo kitakoni na kuwekwa kando ya mche. Hujazwa mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi, na maji hushuka taratibu mpaka chini badala ya kutiririka mtaroni. Majerikeni mawili yaliibwa. Yaliyofuata yalitobolewa matundu mengi zaidi, na wezi wakakosa hamu nayo.

Wazee waliobaki

Nusu nyingine ya kisa ni miti mikongwe ambayo haijaondoka. Mvule mmoja, ulio karibu na mwisho wa mtaa, ulikuwa umeombewa kukatwa kwa sababu una tundu kubwa shinani ambamo mtoto anaweza kusimama. Uwazi ndani ya shina hautoshi kuwa hukumu. Nguvu ya shina iko zaidi kwenye ganda lake la nje la mbao ngumu, na kipimo kinachotumiwa na wakaguzi wengi ni kwamba ganda hilo likibaki na unene wa karibu theluthi ya nusu-kipenyo cha shina, bila ufa mkubwa, mti bado una uwezo wa kujishikilia. Tuligonga shina kwa nyundo ya mti kulizunguka lote, tukasikiliza, tukatoboa kwa keekee nyembamba pale sauti ilipobadilika, na tukakagua kitako kutafuta uyoga mgumu wa rafu, ambao ungekuwa dalili mbaya kuliko tundu lenyewe. Ganda lilikuwa nene vya kutosha isipokuwa upande mmoja. Pendekezo likawa kupunguza urefu wa matawi ya upande huo kwenye ncha zake, bila kukata kichwa, kupiga marufuku maegesho chini yake, na kuukagua kila mwaka kabla ya mvua za Machi.

Kuna sababu ya ziada ya kuubakiza. Mvule una mti dume na mti jike, na popo wakubwa wala matunda ndio wasambazaji wakuu wa mbegu zake. Mvule huu ni jike, na kwa kuwa huzaa, dume liko mahali fulani si mbali. Mbegu zake zimeoteshwa na mwalimu mstaafu nyuma ya nyumba yake, chini ya kivuli cha migomba kumpunguza Phytolyma. Miche michache itakayopona itakwenda kwenye viwanja vikubwa vya taasisi zilizo karibu, kwa sababu barabarani haina nafasi, nami naona huo kuwa urejeshaji halisi kuliko mche wowote wa kununua.

Kisheria ulinzi upo, lakini haukai mahali pamoja. Sheria ya Taifa ya Misitu na Upandaji Miti ya mwaka 2003 inampa waziri uwezo wa kutangaza aina za miti zilizohifadhiwa, na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2010 inazipa mamlaka za miji nafasi ya kuweka masharti katika vibali vya maendeleo. Tangu Jinja ipandishwe hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, thamani ya viwanja imeendelea kuwavuta wenye hoteli na ofisi kwenye mitaa hii, na kibali cha ujenzi ndicho mlango ambamo miti hupotelea. Kwa hiyo kamati iliacha kuomba tamko la jumla la kulinda miti, ikaomba jambo dogo zaidi: kila ombi la kujenga au kuchimba mtaani liambatanishwe na mchoro unaoonyesha miti ya ukanda na umbali wa mtaro kutoka kwenye mashina.

Wakati wa kuandika haya, awamu ya kwanza imepita kiangazi chake cha kwanza, na miche mingi imeshika. Iliyokufa imekufa zaidi mbele ya nyumba mbili ambazo zilikaa bila wapangaji. Suala lililobaki wazi ni la nyumba ya wageni iliyotandika matofali ya zege kuanzia ukuta wake mpaka mtaroni na kuweka hapo maegesho. Mwenye jengo ana risiti ya kibali alichopewa, na wakazi wana ramani ya zamani inayoonyesha ukanda wa udongo. Amekubali kutoa mistari miwili ya matofali kwa ajili ya miti mitatu, si zaidi. Mimi nimewashauri waikubali mistari hiyo kwa maandishi, wachimbe handaki kabla ya Septemba, na suala la matofali yaliyobaki walipeleke barazani pamoja na ombi lao la michoro.